Mikuku ya Mildred

Keith Dunnage alikuwa amelala chali kwenye changarawe, mdomo umejaa vumbi la kutu, akisugua kwa brashi ya waya mahali ambapo alikwisha kupasugua jana na juzi. Mkewe, Lorraine, alikuwa juu yake, ndani ya boti, amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni. Kati yao palikuwa na unene wa faiba na matundu ya bolti, na ni kupitia matundu hayo walikuwa wakiendeshea ndoa yao tangu mwezi uliopita.

"Keith."

"Nipo."

"Chai yako inapoa."

"Nishushie."

"Nikushushie kupitia wapi, tundu la bolti?"

"Basi inywe wewe."

"Nimeshainywa. Nilikuwa nakuarifu tu."

Boti yenyewe iliitwa Mildred. Ilikuwa boti ndogo ya tanga, kuukuu, ya aina ile yenye mikuku miwili, yale mapande marefu ya chuma yanayoshuka chini ya tumbo, badala ya mmoja, ili maji yakipwa isimame yenyewe kwenye tope kama bata. Katika hori lile la Essex, mkono wa bahari kwenye pwani ya Uingereza, kila mwenye akili alikuwa na boti ya namna hiyo, kwa sababu kila siku maji yaliondoka mara mbili na kuacha tope tupu, na boti yenye mkuku mmoja ililala ubavu, na wewe ukalala ukutani.

Keith na Lorraine hawakuwa mabaharia. Keith aliendesha gari la kupeleka chakula cha mchana mashuleni, Lorraine alifua mashuka hospitalini. Walipofukuzwa na kodi ya nyumba mjini walihamia kwenye Mildred mpaka mambo yatakapokaa sawa. Mambo hayakukaa sawa. Gesi ilipanda, mkate ulipanda, nauli ilipanda, na wao wakabaki palepale, kwenye shimo lao la tope ambalo watu wa hori huliita kitanda. Kila boti ina kitanda chake, na boti ikikilalia miaka mingi mikuku yake huchimba mifereji miwili, mpaka kitanda kinakuwa kama kiatu cha mguu wake. Kitanda cha Mildred kilikuwa kizuri: karibu na bomba la maji safi, karibu na njia ya kwenda kituo cha basi, na jua la asubuhi liliingia mpaka kwenye bakuli la sukari.

Kisha uwanja wa boti ukauzwa kwa kampuni ya kujenga maghorofa, na kampuni ikamleta Fabian Croft.

Fabian alikuwa kijana mwenye kizibao cha njano kinachong'aa, kofia ngumu nyeupe na viatu vya kahawia vya mjini. Alitembea na kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga. Siku ya kwanza tu alitangaza kwamba chombo chochote kitakachoshindwa kusimama kwa mikuku yake chenyewe ifikapo bamvua la mwezi ujao, maji makubwa kuliko yote, kitahesabiwa kuwa taka, kitapondwapondwa, na mwenyewe atalipia kupondwa. Kitakachosimama kitabaki na kitanda.

Mikuku ya Mildred ilikuwa chuma kilichopigwa na chumvi kwa nusu karne. Bolti zilikuwa zikilia kutu ndani ya kabati la sufuria. Kwa hiyo boti ilipandishwa uwanjani, ikawekwa juu ya magogo, na Keith aliifungua mikuku yote miwili, akaipeleka kwenye karakana ya kupulizia mchanga, na bamvua lilikuwa leo, saa saba mchana.

"Keith mwanangu," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa magogo, "hapo unasugua nini? Unataka kuona mpaka upande wa pili?"

Alikuwa Win Ablett, mjane mwenye umri wa kumzaa Keith, aliyeishi kwenye boti ya kitanda cha jirani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, kikombe mkononi, kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Nasafisha, Bi Win."

"Nimekuona unasafisha. Mimi nimeuliza kwa nini." Akanywa funda. "Mikuku yako imependeza, lakini. Imekuwa kama sabuni."

Hapo ndipo penye kidonda cha Keith. Kabla ya kuipeleka karakana alikuwa amefanya jambo la busara: aliandika juu ya kila mkuku, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, upi wa kulia na upi wa kushoto, wapi mbele na wapi nyuma. Mikuku ilirudi inang'aa kama vijiko, haina kutu hata chembe, wala herufi hata moja. Alipompigia simu mwenye karakana, yule bwana alisema, "Keith, mashine ile kazi yake ni kutoa rangi."

Bado mambo hayakuwa yameharibika. Kila mkuku ulikuwa na upande mmoja mnene kama shavu, na upande mwingine bapa. Mashavu hutazama nje, moja kulia, jingine kushoto, kila mtu horini anajua. Tena ncha ya mbele ilikuwa butu na ya nyuma nyembamba. Lakini chumvi ilikuwa imekula mashimo, na Keith aliyaziba kwa puti, akapiga msasa, akaziba tena, akapiga tena msasa, kwa mapenzi makubwa, jioni baada ya jioni, mpaka ncha zote nne zikawa nyororo na zinafanana kama mapacha. Akapaka rangi nyeusi, na weusi ukameza hata yale mashavu. Sasa yalionekana tu ukiinama na kuangalia kwa ubavu.

"Shavu nje," alijiambia kila asubuhi, kama mtu anayejikumbusha dawa. "Shavu nje, shavu nje."

Barry Spurgeon aliwasha kreni saa tatu. Barry alikuwa mtu wa uwanja ule tangu utoto wake. Kampuni ilimnunua pamoja na kreni. Alikuwa mnene, mpole, na hakuwahi kuharakisha jambo lolote isipokuwa kwenda kunywa chai. Alipitisha mikanda chini ya tumbo la Mildred, na boti ikapanda hewani taratibu huku Lorraine akiwa bado ndani, kinyume cha kanuni, spana mkononi, kwa sababu kulikuwa na nati za kukaza na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuingia mle kabatini.

"Uko salama?" Keith aliuliza.

"Naona mpaka dukani," Lorraine alijibu kutoka juu. "Watu wamepanga foleni ya mayai."

Mkuku wa kwanza ulikuwa umesimamishwa kwenye magogo. Wa pili ulikuwa juu ya toroli, umesukumwa mpaka mahali pake sambamba na mwenzake. Keith aliinama, akaangalia kwa ubavu. Shavu nje. Akazunguka, akaangalia wa pili. Shavu nje. Akamwonyesha Barry dole gumba, akafungua bomba la gundi nyeusi na kuanza kuipaka juu ya mikuku, nene, kama mtu anayepaka siagi nyumbani kwa tajiri.

Gundi ile ilikuwa na tabia moja. Ukishaipaka unayo nusu saa. Baada ya hapo inatengeneza ngozi na haishiki kitu tena, hata ukiipigia magoti.

Keith alikuwa amemaliza mpako wa mwisho Fabian alipotokea na kishikwambi chake.

"Saa nne," alisema Fabian.

"Asante," alisema Keith. "Barry, shusha."

"Saa nne ni mapumziko ya mwendesha kreni. Ni lazima. Iko kwenye mfumo."

"Bwana Fabian, gundi iko wazi."

"Hiyo ni shughuli yako na gundi."

Keith alimtazama Barry kule juu kibandani. Barry alikuwa amekwisha kuzima injini na kushika chupa ya chai.

"Barry, wewe. Mshikaji."

"Nisamehe, Keith," Barry alisema. "Wiki iliyopita niliruka chai wakanikata siku nzima."

"Na mke wangu je? Ananing'inia."

Fabian aliinua kichwa. "Kuna mtu ndani?"

"Hapana," ilisema sauti ya Lorraine kutoka ndani ya boti.

Fabian alitazama kishikwambi, akatazama boti, akaamua kwamba hakusikia. Kwa mtu ndani ya mzigo ulioning'inia kulikuwa na kurasa nyingi za kujaza. Badala yake akatafuta kosa dogo, akalipata. "Na hicho chuma kwenye toroli. Kifaa chenye magurudumu hakiruhusiwi chini ya mzigo. Kitoe."

"Kinarudi palepale baada ya robo saa."

"Kitarudi baada ya robo saa. Sasa hivi kitoke."

Wakautoa mkuku wa pili. Kisha Fabian akazungusha utepe wa njano pande tatu za kreni, boti na magogo, pamoja na nusu ya njia, akaufunga vifundo viwili kila pembe, akaenda zake.

Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko likizo. Keith alisimama nje ya utepe akiangalia gundi kama mama anayeangalia maziwa jikoni. Win alimkatia kipande cha keki. Akakishika bila kukila mpaka kikamwagikia viatuni. Lorraine aliuliza kutoka juu kama anaweza kuimba, akakatazwa na wote wawili.

"Ikishindikana leo?" Win aliuliza.

"Wanaiponda."

"Nyinyi mtalala wapi?"

Keith alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo usiku mwingi. Dada yake Lorraine alikuwa na kochi. Kochi la watu wawili, lakini wawili wa kukaa.

Barry alipotoka kunywa chai akapanda tena kwenye kreni, pole pole, ngazi kwa ngazi, gundi ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao. Keith akalikamata toroli kama mtu aliyeibiwa. Njia aliyotokea ilikuwa imezibwa na utepe wa Fabian, vifundo viwili kila pembe, na hakuwa na kisu. Basi akazunguka. Akakimbia na toroli nyuma ya boti, akapita kwenye kiti cha Win, ambako utepe haukufika, akaingiza mkuku kutokea upande wa pili, moja kwa moja mpaka mahali pake.

Kama angeinama wakati huo na kuangalia kwa ubavu, angeona. Lakini Barry alikuwa anashusha, Lorraine alikuwa anapiga kelele kwamba anaiona bolti, anaiona, inakuja, kushoto kidogo, na gundi ilikuwa inakufa. Mkuku ulioingilia mlango mwingine ulikuwa umetazama nyuma. Matundu yalilingana sawia, kwa kuwa fundi aliyeyatoboa zamani zile alikuwa mtu wa vipimo.

"Imeingia," Lorraine alisema.

"Kaza."

"Nakaza."

"Kaza zaidi."

"Keith, njoo ukaze wewe, mimi nitalala huko chini na kusema kaza."

Gundi ilitoka pembeni mwa mikuku kama jemu kwenye mkate uliobanwa, yaani vizuri kabisa. Keith alikaa chini kwenye changarawe. Alitaka kulia, lakini Win alikuwa anamtazama.

Saa saba maji yalijaa mpaka kwenye majani. Barry aliishusha Mildred majini, na Mildred ikaelea. Lorraine alipapasa chini ya kabati la sufuria kwa kiganja, akakitoa na kumwonyesha Keith: kikavu. Ilikuwa siku nyingi tangu mmoja wao aonekane akicheka kwa meno yote.

Fabian alikuwa anawangoja ukingoni.

"Hongereni," alisema. "Barry atawavuta kwa boti ya injini mpaka kwenye kitanda chenu."

"Si mbali," Keith alisema. "Ni pale. Tunaweza kusukuma kwa mti."

"Pale hapana. Pale ni mandhari ya jengo la kwanza. Chenu kiko mwisho wa hori, baada ya daraja."

Baada ya daraja palikuwa na bomba la maji machafu la mji, hakukuwa na njia ya miguu wala maji ya kunywa, na boti pekee iliyowahi kulazwa huko ilikuwa imeota miti.

"Ulisema tukisimama tutabaki na kitanda," Lorraine alisema.

"Mmebaki na kitanda. Sikusema kipi." Fabian hakusema kwa ubaya, aliisoma tu, ilikuwa imeandikwa. "Naombeni tuharakishe, maji hayangoji."

Lorraine alimtazama Keith. Keith aliutazama mkono wa usukani. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hasira ilipokuja haikupata pa kukaa. "Funga kamba, Barry," akasema.

Barry alifunga kamba bila kumtazama usoni, akawasha injini, na msafara ukaanza kuelekea darajani. Lorraine alikaa nyuma, mgongo kwa uwanja. Fabian alitembea ukingoni sambamba nao, na Win alimfuata na kiti chake.

Mwanzoni Mildred ilifuata kwa adabu. Kisha kamba ilipokaza na mwendo ukaongezeka, ikaanza kuvutika kushoto.

"Nyoosha, Keith," Barry aliita.

"Nanyoosha."

"Unakwenda kushoto."

"Naona ninakokwenda."

Keith aliusukuma mkono wa usukani mpaka mwisho. Mildred ikazidi kushoto. Alikaa juu yake kwa makalio. Mildred ikaenda ubavu kama kaa, pua inatazama daraja, tumbo linakwenda kwingine, kwa utulivu wa mtu anayejua nyumba yake. Kadiri Barry alivyoongeza injini, ndivyo ilivyovuta zaidi. Boti ya injini ikaanza kurudi kinyumenyume, moshi unatoka, maji yanachemka nyuma yake.

"Punguza mwendo," Fabian alipiga kelele ukingoni. Kisha, "Ongeza mwendo."

"Chagua moja, kipenzi," Win alimwambia.

"Keith, umeifanya nini hiyo boti?" Barry aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na haraka.

"Sijui, wallahi sijui."

Na kweli hakujua. Alishika usukani kwa mikono miwili akipigania kwa uaminifu kabisa kupelekwa mahali asipopataka. Kingo za upande wa kushoto zilikaribia. Yakapita majani, kikapita kigingi, kikapita kigingi kingine ambacho Keith alikifahamu kwa sababu alikichonga mwenyewe. Chini ya miguu yao kitu kilisema gruu, taratibu, kisha Mildred ikatulia. Barry akaachia kamba kabla hajavutwa juu ya tope na yeye.

Mikuku ilikuwa imeteleza ndani ya mifereji yake ya zamani. Walikuwa nyumbani.

"Ivute," Fabian alisema.

Barry alivuta. Kamba ililia, Mildred haikutikisika. Akavuta kutoka upande mwingine. Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Yanapokwenda baada ya bamvua huenda kama watu wanaotoka mechi, na Barry aliangalia kigingi kikianza kuonyesha shingo.

"Basi hapo," alisema. "Nikikaa nami nalala hapa."

"Lete kreni ukingoni, tuinyanyue."

"Hairuhusiwi," alisema Win.

Fabian akageuka.

"Chombo kilichokaa chini kisiguswe wala kusogezwa mpaka bamvua linalofuata," Win alisema, anakunjua kiti chake. "Mwezi jana nilikuomba unisogeze kutoka kwenye mfereji wa mvua, maji yalikuwa yanaingia kitandani kwangu. Ukanisomea hiyo. Ukanisomea mara mbili, kwa sababu nilijifanya sikusikia ya kwanza. Iko kwenye mfumo, kipenzi. Tafuta."

Fabian alitafuta. Alitelezesha kidole kwenye kishikwambi, juu, chini, juu. Akatafuta pa kujaza kwamba chombo kimehama chenyewe, hapakuwepo. Akasogea mbele ili aone vizuri kama boti kweli imekaa chini, na mguu wake wa kulia ukaingia topeni mpaka gotini. Aliutoa. Kiatu kikabaki.

"Bamvua linalofuata nitakuja na boti kubwa zaidi," alisema, amesimama kama korongo.

"Njoo," Lorraine alisema. "Na viatu vya akiba."

Fabian aliondoka na soksi. Barry alikivua kile kiatu topeni kwa ndoana ya boti, akakitundika juu ya kigingi, akaenda kunywa chai yake ya saa kumi.

Maji yalipokwisha kabisa, Keith alivaa viatu vya mpira na kushuka. Mildred ilikuwa imesimama wima kwa miguu yake miwili kama bata, haijaegemea hata kidogo. Aliuzunguka mkuku wa kulia, akaupapasa. Shavu nje. Akauzunguka wa kushoto, akaupapasa, akasimama. Akapapasa tena. Shavu lilikuwa ndani. Mashavu yote mawili yalikuwa yanatazama upande mmoja, kama watu wawili waliogombana kitandani, mmoja anaufuata mgongo wa mwenziwe.

Aliukumbuka utepe wa njano. Akakumbuka kuzunguka na toroli, na jinsi Mildred ilivyovutika kushoto. Alisimama pale muda, tope linampanda viatu, na kicheko kikaanza kumtikisa mabega.

Ukingoni Fabian alikuwa amerudi, sasa na viatu vya mpira vya kuazima, akipiga picha za boti kutoka kila upande kwa ajili ya ripoti yake. Bado hakuwa amefika upande wa mbele, ambako shavu lililokaa ndani lingeonekana na kuamriwa ligeuzwe.

Keith aliinama. Akachota tope kwa mikono miwili, akalipaka juu ya mkuku wa kushoto, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akalilainisha kwa kiganja mpaka ukawa mnene pande zote. Akachota tena.

Kichwa cha Lorraine kilitokea juu. Birika lilikuwa linapiga mluzi nyuma yake.

"Keith, unafanya nini huko chini?"

"Namalizia rangi," alisema Keith.